Mwalimu wa Nne B na Mwanafunzi wa Mti

Darasa letu la Nne B lilikuwa na wanafunzi sabini na mmoja, na mmoja wao alikuwa wa mti. Sitanii. Yaani, mimi natania mambo mengi, hata msibani nimewahi kufukuzwa kwa kuwachekesha wabeba jeneza, lakini hili silitanii. Mwalimu wetu akiita mahudhurio asubuhi, akishamaliza sabini wa nyama, anafunga daftari, anatazama dawati la mbele karibu na dirisha, anaita, "Mgeni!" Na sisi wote kwa pamoja: "Yupo, Mwalimu!" Hapo ndipo somo linaanza.

Ngoja nieleze, maana mtu ambaye hakusoma shule yetu, upande huu wa Msamala, Songea, anaweza kudhani mwalimu alikuwa na matatizo ya kichwa.

Kila Jumatatu asubuhi ilikuwa paredi. Mwalimu wa zamu anakagua kucha, shingo, meno na nyuma ya masikio, kisha anapita madarasani. Darasa safi kuliko yote linapewa bendera ya kijani. Darasa chafu kuliko yote linapewa kinyago. Kilikuwa kipande cha mti mzito, kichwa kikubwa kama chungu cha togwa, sikio moja limevunjika, macho yametoka, meno yote nje, kama mtu aliyepewa habari mbaya huku bado anatafuna. Monita wa darasa husika anakwenda mbele kukipokea, shule nzima inazomea, halafu kinakaa mlangoni kikitazama nje, ili kila anayekwenda chooni ajue wachafu wanaishi wapi. Ijumaa kinarudi ofisini. Jumatatu kinatafuta wenyeji wapya.

Wiki ya kwanza ya huyu mwalimu na sisi, kinyago kikatuangukia. Mvua ilikuwa imenyesha, sakafu ilikuwa tope tupu. Monita wetu, msichana mmoja mkali ambaye alizaliwa na fagio mkononi, alikibeba huku analia. Mwalimu akampokea mlangoni, akakifuta kinyago uso kwa ncha ya kanga yake, akakipeleka ndani na kukiketisha dawati la mbele.

Mwalimu mkuu akaja mbio.

"Mwalimu, hicho kinakaa mlangoni."

"Kwetu Tanga mgeni hakai mlangoni, Mwalimu Mkuu."

"Huyo sio mgeni. Hiyo ni adhabu."

"Basi adhabu nayo ikae ndani isome."

Mwalimu mkuu akaondoka. Alikuwa mtu mzuri ila jibu lake lilikuwa linafika kesho yake.

Huyo ndiye Mwalimu wa Nne B. Mwanamke mfupi, sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe, mikono imejaa chaki mpaka kwenye viwiko. Alikuja Songea kwa barua ya uhamisho na baiskeli moja, na hivyo viwili alivitunza miaka yote: barua kwenye mkoba, ili siku akichoka awe na mtu wa kumlaumu, na baiskeli nje ya dirisha letu, ili aweze kuipaka mafuta huku anasikiliza tunavyosoma.

Baridi ya Songea ndiyo iliyokuwa adui yake. Ulikuwa wakati ule wa ruksa, serikali imeachia biashara, mitumba imeingia mpaka vichochoroni, naye alikuwa amejinunulia koti la kiume lenye vifungo vya dhahabu, linafika kwenye vifundo vya miguu. Mwezi wa sita na wa saba alikuwa anafundisha ndani ya koti kama kobe anavyotembea ndani ya nyumba yake.

"Nyie Wangoni mnaishi ndani ya friji," alisema siku moja anatetemeka, "halafu mnajisifu mlipigana vita."

"Tulipigana ili tupate joto, Mwalimu," nikajibu.

Darasa likaangua kicheko. Yeye ndiye alicheka zaidi, mpaka akashika ubao. Alipomaliza, akafuta machozi.

"Jibu zuri. Sasa nawe nenda kapate joto. Uwanja, mara tatu."

Alikuwa hivyo. Alikuwa anakupa haki yako ya kicheko, halafu anakupa na haki yako ya adhabu, na hizo mbili hazikuchanganyika. Darasani alikuwa hataki kusikia Kingoni, wala Kimatengo, wala Kiyao. Lakini sokoni yeye mwenyewe alikuwa anapatana bei kwa Kingoni, Kingoni kibaya jamani, mpaka mama wa maharage anashusha bei ili tu anyamaze. Alikuwa hapendi mwanafunzi anayechelewa, wakati mnyororo wa baiskeli yake ulikuwa unakatika kila Jumanne. Na alikuwa haogopi mtu, hata mkaguzi kutoka wilayani, ila radi. Radi ikipiga kwenye bati, anashika meza, anasoma dua kimyakimya, huku anatuamuru tuimbe jedwali la saba kwa sauti ya juu. Mpaka leo radi ikipiga, mdomo wangu wenyewe unasema saba mara nane hamsini na sita.

Jumatano kilikuwa kipindi cha dini. Wengi wetu tulikuwa Wakatoliki, basi anakuja katekista, na Mwalimu, ambaye alikuwa Mwislamu safi wa kufunga na kuswali, anakaa nyuma kusahihisha madaftari. Siku moja katekista akatuuliza amri ya saba. Darasa zima tunatazama dari. Kutoka nyuma ikasikika sauti, "Usiibe! Jamani, usiibe! Mnaniaibisha."

Katekista akageuka. "Mwalimu, wewe umebatizwa lini?"

"Miaka mingapi nakusikia, Katekista? Hata mbuzi wa shule sasa anaijua."

Ila jambo lake kubwa, ambalo sijaliona kwa mwalimu mwingine, lilikuwa makosa. Alikuwa anayapenda. Kila asubuhi baada ya mahudhurio anauliza, "Haya, nani ana kosa zuri leo?" Upande wa kushoto wa ubao alikuwa amechora mstari, juu yake kaandika MALI YA DARASA. Ukikosa hesabu, hafuti. Unakwenda mwenyewe unaliandika kosa lako pale, na linakuwa la wote.

Kuna mmoja alitoa tisa kwenye arobaini na mbili, akapata arobaini na saba. Mwalimu akalitazama lile jibu kwa heshima.

"Mwanangu, umetoa ng'ombe tisa zizini, ng'ombe wameongezeka. Tuambie zizi liko wapi, sote tuhamie."

Tukacheka, na mwenye kosa akacheka. Halafu Mwalimu akasema polepole, "Humu ndani wanalo thelathini kosa hili. Mwenzenu amewasaidia kulibeba. Mshukuruni." Na kweli tukamshukuru, tukapiga makofi, na ile hesabu haikutusumbua tena.

Kwa hiyo fimbo yake haikuwa ya makosa. Fimbo yake ilikuwa na kazi moja tu: uongo. Na hapo ndipo mimi na yeye tulipokutana vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa uongo mtupu kuanzia unyayo mpaka utosi.

Nilikuwa sijui kusoma.

Nilikuwa darasa la nne kwa mara ya pili, na sijui kusoma. Jina langu naandika, maana nililishika kama picha. Mengine yote nilikuwa nayashika kwa masikio. Mwenzangu akisoma ukurasa mara moja, mimi nausema wote bila kuangusha neno, kidole kinatembea kwenye kitabu kama kinajua kinakokwenda. Pale masikio yaliposhindwa, nilikuwa natoa utani. Mwalimu akiita jina langu nisome, namwomba ruhusa nikapenge makamasi kwanza ili sauti itoke ya kike na ya kiume, darasa linacheka, kengele inalia, nimepona. Watu walidhani mimi ni mchekeshaji. Nilikuwa mtu anayekimbia.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache kama matofali yake. Nilipokariri darasa, alisema mara moja tu, "Ukianguka tena mtihani wa la nne, jembe lako liko Mpitimbi kwa baba yako mkubwa. Nimeshalitia mpini." Sikuwa na ugomvi na Mpitimbi, watu wa kule wanakula vizuri. Lakini niliona kabisa maisha yangu yote yatakuwa ya kuchekesha mahindi.

Sasa Alhamisi kulikuwa na somo la vipande. Vitabu vilikuwa kimoja kwa watu kumi, lakini magazeti yalikuwa yameanza kutoka mengi kama uyoga, na mengi yalikuwa yanafika Songea kama karatasi za kufungia. Basi Mwalimu akatuambia tusitupe. Kila mtu alete kipande kilichofunga maandazi ya kwao, au karanga, au dagaa wa Nyasa. Alhamisi darasa zima lilikuwa linanuka dagaa. Unasimama mbele, unasoma kipande chako, na kwa kuwa kimechanika na habari haina mwisho, darasa linabishana mwisho wake ulikuwaje.

Zamu yangu ikafika. Kipande changu kilikuwa na mafuta ya sambusa na sikujua hata kama nimekishika wima. Nikapiga kifua, nikaanza kutangaza mpira. Timu ya Songea inacheza na timu ya mbali, dakika za mwisho, winga anachanja mbuga, anampiga chenga beki, beki anakaa chini kama anakula, gooo! Darasa likasimama juu ya madawati. Hata monita alipiga kelele, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele.

Mwalimu akapiga makofi pia. "Vizuri sana. Niachie kipande chako hapa mezani."

Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia akaniambia nibaki. Akasubiri darasa litoke lote. Akakinyoosha kile kipande kwa kiganja.

"Una kipaji cha mtangazaji, mwanangu. Ila hili ni tangazo la mashine ya kusaga. Inauzwa na mkanda wake."

Nikatafuta utani. Nikaukosa. Siku hiyo ndiyo niligundua kwamba utani nao huwa unakuacha stendi.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu zamani, Mwalimu."

"Nyoosha mkono." Fimbo moja, ya kweli, ikachoma mpaka begani. "Hiyo ni ya uongo, na uongo umeisha. Kutojua hakuna fimbo. Sasa tufanye kazi."

Akageuka akakitazama kinyago. Ilitokea wiki hiyo kilikuwa kwetu tena.

"Huyu Mgeni naye hajui kusoma. Kuanzia kesho wewe ndiye mwalimu wake. Asubuhi kabla ya paredi nakufundisha mimi, mchana baada ya kengele unamfundisha yeye. Yeye hacheki. Na ukikosea hatakwenda kusema."

Ndivyo nilivyoanza. Asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi, Mwalimu anapaka mafuta baiskeli, mimi nachora herufi kwenye vumbi kwa kijiti, yeye anatazama kwa jicho moja. Mchana nakaa na Mgeni. Wenzangu wakichungulia wanasema, "Ona huyu chizi, anafundisha mti!" Wanacheka, nami nacheka nao, wanaondoka. Ilikuwa maficho bora kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Nilimfundisha yule bwana kwa ukali kuliko nilivyofundishwa. "Wewe! Hii nimekwambia jana! Masikio unayo ya nini? Samahani, sikio." Na siku moja, Alhamisi, nikamwonyesha kipande cha gazeti, nikamwambia soma, akanyamaza kama kawaida yake, nikakasirika nikasoma mwenyewe: "mvua." Nikakaa chini. Nikasoma tena. Bado ilikuwa mvua. Nikatoka nje nikakimbia uwanja mara tatu bila kuadhibiwa na mtu.

Ila kabla ya hiyo mvua nilikuwa nimeshafanya ujinga. Kinyago si kinahama? Jumatatu kinakwenda kwa wachafu. Wiki ile ya kwanza monita wetu alikuwa ameapa tutapata bendera, alikuwa anapiga deki mara mbili kwa siku. Mimi nikaona hapa naachwa peke yangu na herufi nusu. Basi Jumapili baada ya misa, watu wanasalimiana nje ya kanisa, mimi nikapitia shuleni. Madirisha hayakuwa na vioo. Nikamwaga pumba za mahindi, nikasambaza majani, nikakanyaga tope kutoka mlangoni mpaka ubaoni. Jumatatu, kinyago: Nne B. Jumapili iliyofuata, tena. Na tena.

Monita alikuwa anakonda. "Ni mbuzi," alikuwa anasema. "Kuna mbuzi anaingia. Nitamkamata."

Tulipokipokea mara ya nne mfululizo, mwalimu mkuu alipanda juu ya ngazi ya ofisi. Safari hii jibu lake lilikuwa limefika.

"Darasa likipata kinyago mara ya tano," alisema, "kosa sio la watoto. Ni la mwalimu. Nitambadilishia darasa, Nne B watapewa mwingine."

Mtihani wa la nne ulikuwa umebaki wiki sita. Nikamtazama Mwalimu kule kwenye mstari wa walimu. Alikuwa ndani ya koti lake, anatazama mbele. Hakugeuka hata mara moja kunitazama. Sijui hadi leo kama alikuwa ameshajua.

Jumapili ile sikwenda na pumba. Nakwambia kweli. Nilikwenda na fagio, nisafishe kabla hata ya monita. Lakini nilipoingia kwa dirishani, monita alikuwa amejificha nyuma ya mlango tangu misa ya kwanza.

"Kumbe mbuzi ni wewe!" Akanishika kola.

"Nimekuja kufagia."

"Na hizo nyayo za wiki zote? Miguu ni hii hii! Mwalimu wetu anaondoka kwa sababu yako, we mbwa! Nasema kesho."

"Dada monita, usiseme."

"Basi niambie kwa nini."

Hapo sikuweza. Unaona, kusema nilichafua darasa ilikuwa rahisi. Kusema kwa nini, ndiyo ilikuwa mlima. Akanitazama, akaniachia kola. "Kesho asubuhi," akasema. "Usiposema wewe, nasema mimi."

Tukafagia wote wawili.

Jumatatu asubuhi Mwalimu aliita mahudhurio mapema kabla ya paredi. Akafunga daftari. "Haya. Nani ana kosa zuri leo?"

Monita akanigeukia. Nikasimama.

"Mwalimu, mimi ninalo. Ila sio zuri."

"Lete tulione."

Nikalisema lote. Pumba, tope, Jumapili zote. Halafu nikasema kwa nini. Nikasema sijui kusoma, najua maneno machache tu, yule wa mti ndiye alikuwa ananifundisha, na nilikuwa naogopa akiondoka na mimi nitaondoka. Nilitaka kumalizia na utani lakini haukutoka, ilitoka pumzi tu.

Nyuma mmoja akacheka, kile kicheko cha puani. Monita akageuka kama nyoka.

"Wewe unacheka nini? Alhamisi ulisoma kipande chako chote, umeulizwa kimesema nini, ukasema hujui!"

Yule akajificha nyuma ya daftari lake. Lakini mwingine, msichana aliyekuwa haongei kabisa, akanyoosha kidole. "Mwalimu, hata mimi yale marefu marefu huwa nakisia." Na mwingine. Na mtoto wa katekista, jamani, mtoto wa katekista!

Mwalimu alikwenda ubaoni, upande wa kushoto, chini ya MALI YA DARASA, akaandika kosa langu. Kisha akapiga mikono kuondoa chaki.

"Makosa mawili mmeyasikia. La kwanza ni la kwake peke yake, na atapiga deki wiki mbili. La pili ni letu. Sasa, paredi."

Kinyago kikaenda Sita A. Wakubwa wazima, tuliwazomea mpaka sauti zikakauka. Lakini mchana kengele ilipolia, nilibaki darasani natazama dawati tupu. Monita akarudi. Akakaa pale pale, akakunja mikono, akatoa macho.

"Leo Mgeni ni mimi. Sijui kitu. Nifundishe."

Alikuwa mwanafunzi mbaya sana kwa sababu alikuwa anajua kila kitu na hawezi kujizuia. Lakini kesho yake alikuja mwingine, na keshokutwa mwingine. Wakaanza kugombea zamu ya kuwa mjinga. Yule aliyekuwa wa kwanza darasani alikuwa na kipaji cha ajabu: alisahau herufi ileile mara kumi, mpaka nikampiga kibao cha mgongo kwa hasira, ndipo nikakumbuka anaigiza. Na kuna watatu, sitawasema, ambao hawakuwa wanaigiza. Wao walikuja zamu nyingi kuliko wengine.

Mwalimu wakati wote huo yuko nje ya dirisha na baiskeli yake. Hiyo baiskeli ilipakwa mafuta mwaka ule mpaka ikawa haishikiki.

Matokeo yalipotoka nilikuwa wa hamsini na nane kati ya sabini. Nilikimbia kutoka shule mpaka kazini kwa baba, alikuwa juu ya ukuta wa mtu.

"Baba! Wa hamsini na nane!"

Akaweka mwiko chini. "Umefaulu?"

"Nimefaulu. Nilisoma maswali yote mwenyewe."

Akashuka ngazi polepole, akanipa karatasi ya simenti iliyokuwa pale chini. "Soma." Nikaisoma, na mstari wa chini kabisa unaosema weka pakavu. Baba akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi. Jioni ile alichinja jogoo. Majirani walikuja kupongeza wakidhani nimekuwa wa kwanza, baba hakuwasahihisha, na mimi nilikuwa nimeacha uongo lakini sio kwenye nyama.

Nilimaliza la saba, sikuchaguliwa sekondari, na sioni haya. Biashara zilikuwa zimefunguliwa kila kona, na kila mwenye kibanda alikuwa anataka kibao. Nikawa fundi wa kuandika mabango. Saluni, bucha, duka la vipuri, leo kulipa kesho kukopa, vyote mkono wangu.

Miaka ikapita. Siku moja niko juu ya ngazi naandika ukuta wa duka hapa Msamala, nikasikia chini, "Ewe kijana, rangi yako inanidondokea kichwani!"

Ile sauti. Nusura nianguke.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Wewe nani?"

Ikaniuma kidogo, kusema kweli. Lakini watoto wangapi wamepita kwake? Nikashuka. "Wa hamsini na nane, Mwalimu. Yule wa mashine ya kusaga."

Akanitazama, akazeeka na kurudi kijana pale pale. "Haa! Mtangazaji! Na hii unaandika wewe?"

"Mimi."

"Na ile ya bucha?"

"Mimi."

"Na ya saluni, na ya fundi redio pale kona?"

"Zote mimi, Mwalimu."

Akageuka akatazama barabara nzima, taratibu, bango kwa bango. "Kumbe miaka yote hii," akasema, "nilikuwa napita kwenye daftari lako bila kujua."

Nimepewa sifa nyingi maishani, nyingine nimejipa mwenyewe. Hiyo ndiyo ninayolala nayo.

Alikuwa amestaafu. Barua ya kurudi Tanga ilikuwa mkobani, lakini safari ilikuwa haiishi kuahirishwa. Akataka nimwandikie kibao cha nyumbani kwake. Nikauliza niandike jina gani. Akasema jina la nini, andika MWALIMU YUPO. "Anayenihitaji hatafuti jina." Ndiyo maana hata hapa sikulitaja.

Nilipomaliza kukipigilia, hakuniruhusu niondoke.

"Jumamosi alasiri uje," akasema. "Kuna watu wazima wanataka kusoma na wanaona haya. Walimu wenye vyeti wamejaa mji huu, lakini hawajui mtu anajificha wapi. Wewe unajua."

Jumamosi nikaenda. Barazani kulikuwa na benchi na ubao mdogo. Wa kwanza kufika alikuwa mzee mwenye bucha, yule yule niliyemwandikia bango, mtu mkubwa kama mlango, anacheka toka barabarani.

"Nimekuja kuuliza Mwalimu anataka nyama ya mchuzi au ya kuchoma!" Akaona ubao. "Aa, mnasoma? Mimi leo miwani nimeisahau. Halafu kichwa changu kijana, hata ng'ombe niliowachinja walikuwa wananishinda akili, ndiyo maana niliwawahi!"

Akacheka. Nami nikacheka, maana utani ulikuwa mzuri. Halafu nikakumbuka siku nilipompelekea lile bango lake. Aliniambia nimsomee mara tatu, ati asikie linavyolia.

Nikasogea kwenye benchi, nikamwachia nafasi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hata mimi nilikuwa mchekeshaji hivyo hivyo."

Kicheko kikamkatika. Akatazama barabara. Akanitazama mimi, muda mrefu, macho ya mtu aliyeshikwa kola. Kisha akavua kofia, akakaa, na benchi likalia.

Kutoka uani Mwalimu akapaza sauti, "Mmeshaanza huko, au mnapiga soga?"

Nikafungua mdomo, lakini mzee aliniwahi.

"Tumeanza, Mwalimu."